Mtumwa aliitwa nani? Yale vitabu vinasema, na yale vinaficha, juu ya watumwa wa mashariki ya Kongo

Kiswahili tunachosema Kindu, Kasongo na Kisangani, wazungu wa zamani walikiita Kingwana. Wazee wamoja wangali wanakiita hivyo. Jina hilo linatoka kwa neno «mwungwana», wingi «waungwana»: mtu huru, mtu asiye mtumwa. Sasa angalia jambo lenyewe. Wengi kati ya wale walioitwa Wangwana katika miaka ya 1870 na 1880 walikuwa watumwa, ao watoto wa watumwa. Wamoja walitoka Unguja, Tabora na Ujiji. Wengine walikamatwa hapa hapa Maniema wakiwa watoto, wakapewa jina la Kiislamu, wakavaa kanzu, wakashika bunduki ya bwana wao. Kisha miaka michache hawakutaka tena mtu awaite kwa jina la kwao. Luga tunayotumia redioni kila siku imebeba jina la watu waliokataa kuitwa watumwa.

Swali hili si la zamani tu. Mabishano ya kiti cha uchefu ao ya shamba yakichacha, mara nyingi kuna mtu atakayesema polepole, kando ya kikao: «Huyo, nkambo yake alinunuliwa.» Neno moja kama hilo linaweza kufunga mdomo wa familia nzima. Kuna posa za ndoa zilizovunjika juu ya neno hilo. Na yule anayelisema, mara nyingi hana habari kamili: ni nani alinunuliwa, na nani, kwa deni gani, na huyo aliyenunuliwa mwenyewe alisema nini. Tuone basi ni wapi sauti yao inapatikana, na ni nani aliyeiandika.

Neno moja, hali nyingi

«Mtumwa» ni mtu anayetumwa, basi. Lakini chini ya neno hilo kulikuwa hali ambazo si sawa hata kidogo. Kulikuwa na mateka wa vita. Kulikuwa na mtoto aliyewekwa rehani juu ya deni la baba yake, ambaye jamaa walitumaini kumkomboa. Pwani, mtumwa mpya aliyefika kutoka bara aliitwa «mjinga», si kwa kuwa hana akili, lakini kwa kuwa hajui luga wala desturi za mahali. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa «mzalia», naye alijiona mbali sana na mjinga. Suria alikuwa mtumwa wa kike aliyekaa na bwana kama bibi, na kwa sheria ya Kiislamu watoto aliozaa na bwana walikuwa huru. Ndiyo maana mtu angeweza kuwa mtoto wa mtumwa na kuwa sultani.

Katika Kiluba wanasema «mupika». Nalo neno hilo lilibeba mengi zaidi ya minyororo. Kwa watu wengi wa kwetu, mtumwa alikuwa kwanza mtu asiye na jamaa wa kumsemea: hana mjomba, hana ukoo wa kuja kuuliza «mtoto wetu yuko wapi?» Kukomboka, basi, hakukuwa kuvunja mnyororo tu. Ilikuwa kupata tena watu wa kukuita wao.

Mtoto wa Bandio

Kitabu ambacho kila nyumba ya mashariki ingefaa kukijua ni maisha ya Disasi Makulo. Alizaliwa karibu na mwaka 1870 katika kijiji cha Bandio, kwa Waturumbu, upande wa Basoko. Angali kijana mdogo, alikamatwa na watu wa Tippu Tip. Wakaaji wa mto hawakuwaita watu hao Waarabu. Waliwaita Matambatamba, na jina hilo lilitosha kukimbiza kijiji kizima porini. Mwisho wa mwaka 1883 Stanley alipita na mashua zake za moto, akanunua watoto kadhaa kutoka kwa watu hao, naye Disasi akiwa kati yao. Akashuka nao mpaka Kinshasa, akamkabidhi kwa mwingereza Anthony Swinburne. Kisha mtoto akaingia kwa mmisionari mbaptisti George Grenfell, akasoma, akabatizwa, na mwishowe akawa yeye mwenyewe mhubiri. Katika mwaka 1902 alianzisha misioni ya Yalemba, si mbali na kwao.

Mbele ya kufa, mwaka 1941, mzee alisimulia maisha yake kwa mwanawe. Kitabu kikatoka Kinshasa kwa Kifaransa mwaka 1983. Hapo iko tofauti kubwa: aliyeshika kalamu hakuwa mmisionari wala mtafiti. Ni mtoto wa mwenye habari, ndani ya familia.

Ukikisoma vizuri, utaona kama mtoto huyu alibadilisha bwana mara nyingi kuliko alivyobadilisha nguo. Matambatamba walimshika. Stanley alimnunua. Stanley alimpa mtu mwingine. Huyo akamwacha kwa mwingine tena. Katika vitabu vya wazungu, siku Stanley alipolipa ni siku ya uhuru. Lakini mtoto wa miaka kumi na kitu anayesimama ufukweni, akiona mtu mmoja anatoa bei na mwingine anaipokea, atajuaje kama amekuwa huru? Alichojua ni kwamba mashua inashuka, na kwao kunabaki nyuma. Mimi naona kitabu hiki kinafaa kusomwa kwa ajili ya swali hilo, hata kuliko kwa ajili ya Tippu Tip.

Na si yeye peke yake. Kando ya Tanganyika, misioni za Mpala na Kibanga zilijaza nyumba zao na watoto waliokombolewa kwa bei. Serkali ya Leopold nayo iliwaita watu kama hao «libérés», yaani waliopewa uhuru, kisha ikawafunga kwa kazi na uaskari. Mzee anayesema «baba yangu alilelewa na mapadri» mara nyingine anaeleza jambo hilo hilo kwa heshima zaidi.

Bwanikwa, aliyejinunua

Habari ya pili inatoka kwa Waluba. Bwanikwa alikuwa msichana mdogo wakati bibi mkubwa wa baba yake alipokufa. Kwa desturi, jamaa ya marehemu walidai malipo ya kifo, na malipo yalikuwa watu. Baba hakuweza kutimiza hesabu. Akamtoa binti yake, akiahidi kwamba atarudi kumkomboa. Hakuweza. Msichana akauzwa, akauzwa tena, akapita mikono mingi katika nchi za kusini, zamani za Msiri na za biashara ya Bihe. Mmisionari Dugald Campbell, aliyemjua akiwa mtu mzima, alipoandika habari zake alihesabu mara kumi.

Hapa hakuna kanzu nyeupe, hakuna Mwarabu, hakuna mzungu katika ukurasa wa kwanza. Kuna baba mwenye deni. Wamoja hawapendi kusikia hivyo, juu ya kuwa tumezoea kuweka lawama yote kwa mgeni. Lakini Bwanikwa hasimulii ili kuondoa hatia ya wageni. Anasimulia kwa sababu ndivyo ilivyoanza kwake: kwa watu waliokuwa wanamjua jina.

Na mwisho wake ni wa ajabu. Mwanaume wa mwisho aliyemnunua akawa mume wake. Waliishi pamoja, walifanya kazi pamoja, lakini yeye alijua kwamba kwa sheria ya watu angali ni mtu aliyenunuliwa. Basi akatafuta mali kwa kazi yake mwenyewe, akamlipa mume wake bei ya uhuru. Hakuondoka. Alibaki bibi yake, lakini kuanzia siku hiyo alibaki kwa kutaka kwake. Wanawake watakaosikia habari hii watafahamu haraka, bila maelezo marefu, tofauti iko wapi.

Nkambo ya Tippu Tip

Tippu Tip naye aliandika maisha yake, kwa Kiswahili, akiwa mzee Unguja. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyemwomba na kuyapeleka kwenye chapa mwanzoni mwa miaka ya 1900, mbele kidogo ya kifo cha mzee mwaka 1905. Ni kitabu cha kwanza cha namna hiyo katika luga yetu, na ni kitabu cha mfanyabiashara: frasila za pembe, deni, ushanga, vita, nani alilipa na nani alikimbia. Watumwa wanapita kama mizigo na hesabu. Majina yao ni machache sana.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo mtumwa anasimama katikati ya habari, na ni mwanamke. Tippu Tip alipokaribia nchi ya Utetera, alisikia habari kwamba dada za chefu Kasongo Rushie walichukuliwa mateka zamani, wakapotea. Akafika kwa chefu akisema: mmoja wa wale dada aliuzwa mpaka pwani, akaolewa na nkambo yangu, nami ni mjukuu wake. Mzee Kasongo Rushie akapokea «mtoto» aliyerudi, akamwachia utawala. Watu wa historia wengi wanaona ni ujanja mtupu. Mwenyewe anasimulia kwa furaha ya mtu aliyecheza karata vizuri.

Fikiri kidogo. Damu ya mtumwa, ile ambayo leo inatumiwa kumwondoa mtu kwenye kiti, wakati ule ilimpa mgeni kiti. Mwanamke aliyekamatwa hakuulizwa kitu, hata mara hii. Jina lake lilifanya kazi bila yeye.

Na pembeni ya Tippu Tip alikuwa Ngongo Lutete, ambaye habari nyingi zinasema alikuwa mtumwa utotoni. Akapanda mpaka kuwa mkuu wa vita, akashika watu wengi kuliko mabwana wake wa zamani. Mwaka 1892 akahamia upande wa serkali ya Leopold. Mwaka uliofuata, 1893, maofisa wa serkali hiyo hiyo wakampiga risasi Ngandu. Yeye hakuacha kitabu. Ni hasara, kwa kuwa yeye ndiye angeweza kutuambia namna gani aliyekamatwa anakuwa mkamataji. Masimulizi ya watumwa yanapenda mtu aliyeumizwa na akabaki safi. Mashariki yetu, ambako vijana wengi wamekamatwa na kisha kupewa bunduki, inajua kama maisha hayaendi hivyo siku zote.

Riwaya zinajaza pengo, mara nyingine vibaya

Riwaya ya kwanza inayogusa njia hizi iliandikwa na Stanley mwenyewe, na si ya kusifiwa. Mwaka 1871, Tabora, alipewa mtoto mtumwa anayeitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakupenda jina hilo, akamwita Kalulu. Akaenda naye Ulaya, akampiga picha studio pamoja naye, na mwaka 1873 akatoa riwaya ya vijana yenye jina la Kalulu, ambamo mtoto ni mwana wa mfalme, mfalme, na mtumwa. Kalulu wa kweli hakupata ufalme. Alirudi Afrika na msafara, akavuka bara pamoja na Stanley kwa kufuata mto wetu, akafa maji katika maporomoko ya Kongo ya chini mwaka 1877. Stanley aliyaita maporomoko hayo kwa jina la Kalulu: jina alilompa yeye, si lile alilopewa na mama yake.

Mwaka 1934 kilitoka kitabu cha James Mbotela, «Uhuru wa Watumwa», kwa Kiswahili. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyeokolewa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama hao. Vizazi vya watoto wa shule katika Afrika ya Mashariki walikisoma. Kinawashukuru Waingereza kupita kiasi, hilo linaonekana wazi. Lakini kuna uchungu chini ya shukrani: watu wa Freretown walitoka makabila mengi, hawakuweza kurudi, na wenyeji wa pwani waliwatazama kama wageni. Walipaswa kutengeneza ukoo mpya.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alichukua njia nyingine. Riwaya yake «Paradise» ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina «Peponi» mwaka 2022, inamfuata Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara anayemwita «mjomba» anamchukua, na mtoto anadhani ni safari ya kutembelea jamaa. Kumbe amewekwa rehani juu ya deni la baba. Msafara unaingia bara, unavuka ziwa kubwa, unafika upande huu wa magharibi. Gurnah alisoma vizuri masimulizi ya zamani ya wasafiri Waswahili, na inaonekana. Nguvu ya kitabu iko kwenye neno lile «mjomba». Hakuna anayempiga Yusuf mijeledi. Anadanganywa na neno la jamaa. Weka Yusuf karibu na Bwanikwa, mmoja wa kutungwa na mmoja wa kweli, na utaona mlango waliopitia ni mmoja.

Petina Gappah wa Zimbabwe, mwaka 2019, aliwapa sauti watu waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani. Sehemu ya riwaya inasimuliwa na Halima, mpishi, mwanamke mtumwa ambaye shajara za mzungu zinamtaja kwa mistari michache tu. Wilfried N'Sondé, mzaliwa wa Brazzaville, alimrudisha Nsaku Ne Vunda, padri aliyetumwa na mfalme wa Kongo kwa Papa, akafa Roma mwaka 1608. Katika riwaya, balozi huyu anajikuta ndani ya merikebu inayobeba watumwa. Kwa upande wetu wa Maniema na Tshopo, riwaya kubwa ya zamani zile bado inangojewa.

Nani ameshika kalamu?

Mwaka 1870, Ufaransa, kilichapwa kitabu juu ya Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja akiwa karibu kufa na kuzikwa angali hai. Habari yenyewe ni nzito, na hakuna sababu ya kudhani kama aliitunga. Lakini anaongea kama padri. Anasamehe kama mahubiri yanavyotaka. Kitabu kilitolewa ili waumini wa Ulaya waguswe na watoe sadaka, na mkono wa mwandishi unaonekana kila ukurasa.

Kuna na kinyume chake. Harriet Jacobs, mwanamke mtumwa wa Marekani, alitoa maisha yake mwaka 1861 akitumia jina lingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja wasomi wengi walidhani ni riwaya iliyotungwa na mwanamke mzungu, mpaka mtafiti Jean Fagan Yellin alipoonyesha katika miaka ya 1980, kwa barua na hati, kwamba aliiandika mwenyewe na mambo ni ya kweli. Basi mtumwa akisema vibaya, hawasadiki. Akisema vizuri, hawasadiki pia.

Hata shahidi mashuhuri anahitaji kuchunguzwa. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, watu wenye bunduki walipiga risasi katikati ya wanawake waliokuja kuuza. Wengi walikufa maji wakijaribu kuvuka. Waarabu wenyewe, Livingstone anaandika, walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda. Mwaka 2011 wataalamu walifaulu kusoma tena shajara hiyo ya kwanza kwa mashine za picha, nao wakaona si sawa kabisa na yale yaliyochapwa baadaye. Kuna dalili kwamba wamoja wa watu wake mwenyewe, watumwa waliokodishwa kwake kutoka kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, labda walihusika katika jeuri ya siku zile. Na wanawake wa soko, wenye vikapu vya samaki na mihogo? Hakuna hata mmoja ambaye jina lake limefika kwetu kwa maandishi.

Juu ya hiyo, masimulizi ya nyumbani yana uzito. Kama kuna mzee kwenu anayejua habari ya mtu aliyekamatwa, aliyetolewa kwa deni, ao aliyefika kijijini «bila jamaa», mwulize majina mbele ya yote: jina la mama, jina la kijito alipokamatwa, jina alilopewa upya na nani alimpa. Simu yoyote inaweza kurekodi. Usimsahihishe anapochanganya miaka, na usimlazimishe aseme neno «mtumwa» kama halitaki. Wengi wanasema «alikuja», «alilelewa», «alifuata msafara». Na mbele ya kupeleka sauti hiyo nje ya nyumba, hata kwetu redioni, familia yote ikae na kukubaliana, kwa sababu jina moja likitoka linaweza kufika kwenye kikao cha ardhi mbele ya jioni.

Disasi Makulo, katika moja ya safari za mto pamoja na Grenfell, alifika tena kwao na kuwaona wazazi wake. Alikuwa amekwisha kupata luga nyingine, dini nyingine na nguo nyingine. Lakini alitaja majina ya baba na mama, nao wakamjua.